Pikipiki ya Mtu Asiyetaka Kuonekana

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa nimesimama mbele ya lango la mtu nisiyemjua, katika kijiji cha Bukovitsa, juu kabisa kwenye milima yetu ya Rodopi. Kwa anayenikuta leo kwa mara ya kwanza, nitayasema ya nyuma kwa ufupi, maana yaliyonipata baada ya lango kufunguliwa ni mengi, na mengine sijapata kumwambia mtu.

Jina langu ni Ognyan. Nina miaka hamsini na mmoja, na kazi yangu ni kutengeneza madirisha. Zamani nilikuwa mpanda pikipiki za milimani, zile ndefu zenye tairi za meno, zisizojua lami. Miaka tisa iliyopita, kwenye mteremko tunaouita Ngazi ya Mbuzi, shemeji yangu Lyuben, mdogo wake mke wangu, aliangukia miamba, madaktari wakamkata mguu wa kulia chini ya goti. Hospitalini nilimwapia mke wangu Rumyana kwamba sitashika tena usukani wa pikipiki.

Kiapo hicho nilikitunza miaka tisa. Mwezi uliopita, nikiwa nangoja zamu yangu kwa daktari wa meno, nikaona tangazo kwenye simu: pikipiki ya milimani, imetumika, hali nzuri, bei ya kutupa. Damu ikanichemka. Nikapiga simu na kujitambulisha kwa jina la uongo, Zhivko, kwa sababu huku kwetu habari husafiri haraka kuliko watu. Nikachagua Alhamisi, siku ambayo Rumyana hushinda mjini kwenye mazoezi ya kwaya.

Asubuhi ile nilimwambia nakwenda kutazama mizinga ya nyuki. Hakuniuliza nyuki wa nani. Alinifungia kwenye karatasi kipande cha banitsa, ule mkate wetu wa matabaka wenye jibini, akaniambia nivae koti zito, kisha yeye akatangulia kutoka.

Basi. Nikabonyeza kengele.

Aliyefungua alikuwa mzee wa miaka sabini na ushei, mrefu, mwenye mikono mikubwa. Alisema anaitwa Manol na kwamba amestaafu kazi ya misitu. Mkono hakunipa. Alinitazama kuanzia buti hadi kofia kama mtu anayepima gogo, kisha akageuka, nikamfuata.

Pikipiki ilikuwa uani, mbele ya banda la kondoo. Sikuitazama kwanza. Niliinama nikasogeza mgongo wa mkono wangu karibu na injini.

Ilikuwa ya moto.

Aliyewahi kununua pikipiki iliyotumika anajua maana yake. Injini iliyochoka ni ngumu kuwaka ikiwa baridi, kwa hiyo muuzaji mjanja huiwasha kabla mteja hajafika, ili mbele ya mteja iitike kwa kiki moja.

"Mzee, umeiwasha leo?" nikauliza.

"Nimeitoa bandani tu."

"Kutoka bandani hadi hapa ni hatua nne."

"Mimi ni mzee, kijana. Kwangu hatua nne ni safari."

Nikamwambia sina haraka, nitangoja ipoe. Nilitegemea atanuna. Hakununa. Aliingia ndani akatoka na kahawa na vigoda viwili, tukakaa hapo karibu saa nzima, kila mmoja akimvizia mwenzake.

Aliniuliza kazi yangu. Nikasema ni dereva wa basi la shule. Akauliza shule gani. Nikataja moja ya bonde la chini. Akanywa kahawa yake polepole, kisha akasema shule hiyo ilifungwa miaka sita iliyopita, watoto walikwisha. Nikasema nilikuwa nazungumzia zamani. Akasema aa, zamani, na akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

Nikaona pazia la dirisha la juu linatikisika, na upepo haukuwapo. Nikamuuliza anaishi na nani humu ndani.

"Na paka," akasema.

Hapo nilikuwa na sababu tatu za kuondoka: injini ya moto, bei ndogo kupita kiasi, na paka mwenye urefu wa kufikia dirisha. Lakini mtu mwenye uchu hatafuti sababu za kuondoka. Hutafuta moja tu ya kubaki, na mimi nilikuwa nimeshaiona: ilikuwa pikipiki nzuri.

Injini ilipopoa nikaanza ukaguzi. Nikafuta tope kwenye namba ya fremu. Haikuguswa na tupa wala nyundo. Nikatikisa gurudumu la mbele kutafuta beringi zilizolegea, sikusikia kitu. Nikakandamiza usukani, shokapu zikashuka na kupanda taratibu bila kutoa oili. Cheni safi, silensa haina ufa. Mtu aliyeitunza pikipiki ile alikuwa akiipenda. Na ndiyo maana sikuelewa mambo mawili niliyoyakuta baadaye.

La kwanza, kikanyagio cha kulia kilikuwa kimechomelewa bati pana lenye ukingo pande zote, kama sahani. Cha kushoto kilikuwa cha kawaida, na meno yake yalikuwa yamelika kwa buti.

La pili, breki ya nyuma, ile inayokanyagwa kwa mguu wa kulia, haikuwapo. Ilikuwa imeng'olewa. Badala yake kulikuwa na kishikio kidogo cha pili kwenye usukani, upande wa kushoto, chini ya klachi.

Nikasema moyoni: hii ilianguka vibaya, ikakosa vipuri, fundi wa kijijini akaibabaizia.

Nikamuuliza mzee nani aliyefanya kazi ile. Akasema mwenyewe ndivyo alivyopenda.

"Kwani siyo yako?"

"Nilisema ni yangu?"

Nikataka kuiona kadi ya pikipiki. Akasema mwenye kadi ataileta kwa wakili siku ya kuandikishana. Nikataka jina lake. Akasema ni mtu asiyetaka kuonekana. Nikamwambia kwa lugha ya wazi kwamba pikipiki ya mtu asiyetaka kuonekana kwa kawaida ni ya wizi.

Mzee Manol hakukasirika. Alichukua kofia ngumu iliyoning'inia kwenye msumari akanikabidhi. "Iendeshe," akasema. "Mwenyewe ndivyo alivyotaka. Kabla ya maneno yoyote, Zhivko aiendeshe."

Alivyolitamka lile jina Zhivko, ungedhani ana jiwe chini ya ulimi.

Ningekuwa na akili ningerudi nyumbani. Nikapanda.

Nilipiga kiki mara moja, ikawaka, baridi vilevile. Kumbe haikuwa na haja ya kupashwa moto na mtu yeyote. Nikaachia klachi haraka mno, ikazimika, nikaanguka nayo ubavu pale pale langoni, mbele ya kuku. Miaka tisa, na nimelazwa na pikipiki isiyokwenda. Mzee hakucheka. Alinisaidia kuiinua.

Mara ya pili nikaondoka. Nilifuata njia ya wakata miti kuingia msitu wa misonobari. Sitawaeleza sana. Aliyewahi kuogelea utotoni akaja kutumbukia majini akiwa mzee ananielewa. Mikono ilikumbuka yenyewe. Magoti yalikumbuka. Nilisikia sauti ya mtu anaimba ndani ya kofia, na mtu huyo alikuwa mimi.

Kisha ikaja kona ya kuteremka, nikakanyaga breki kwa mguu wa kulia.

Nikakanyaga hewa.

Pikipiki ilikwenda moja kwa moja kuelekea ukingoni. Nikabana kwa mkono wa kushoto wote, klachi na kile kishikio kidogo pamoja, ikasimama gurudumu la mbele likiwa kwenye nyasi za mwisho. Chini palikuwa na korongo.

Nikakaa pale juu yake nikihema, injini ikinguruma polepole. Nikatazama chini. Buti langu la kulia lilikuwa limetulia ndani ya lile bati lenye ukingo kama mtoto kitandani. Halikuwa na kazi. Pikipiki ile nzima haikuhitaji chochote kutoka kwa mguu wa kulia. Ilihitaji tu uwekwe mahali usiteleze.

Wapanda pikipiki wa milima hii nawajua wote. Asiye na mguu wa kulia nilimjua mmoja tu.

Lakini Lyuben hapandi. Kwa miaka tisa kila nikimtembelea namkuta kwenye kiti cha dirishani, blanketi magotini, na mazungumzo yetu ni mpira na hali ya hewa. Mimi ndiye niliyeyauza mabaki ya pikipiki yake kama chuma chakavu.

Nilirudi polepole. Mzee Manol alikuwa amekaa kwenye kigoda kilekile. Nikazima injini, nikavua kofia, nikamuuliza kama mwenye pikipiki hii ana mguu wa kulia.

"Umechelewa kujua, Ognyan," akasema.

Si Zhivko. Ognyan.

Nikamuuliza amelijua tangu lini jina langu. Akasema tangu ile simu. Alikuwa ameambiwa nani atapiga, hata kabla sijapiga. Nikataka anieleze yote, naye akanieleza, sauti yake ikiwa ya chini, kama mtu anayesoma orodha ya miti ya kukatwa.

Lyuben amekuwa akiendesha pikipiki hapa kwa miaka minne. Mwaka wa kwanza alianguka kila siku. Wa pili akapanda hadi malisho ya juu. Sasa huwaacha nyuma vijana wenye miguu miwili. Huja mara moja kwa juma.

"Siku gani?" nikauliza, ingawa nilikwishajua.

"Alhamisi."

"Anakuja na nani? Gari hana."

Mzee akatazama kuku. "Na dada yake."

Hapa inabidi niungame jambo. Zile Alhamisi za Rumyana zilinitesa muda mrefu. Kwaya gani inafanya mazoezi mwaka mzima na haiimbi popote? Mwaka juzi nilimfuata kwa gari la jirani hadi njia panda ya chini, nikampoteza kwenye ukungu. Nilirudi nyumbani nikijua kwa yakini kwamba kuna mwanamume. Nikanyamaza, nikala chakula chake, nikanusa makoti yake. Kuna siku moja koti lilinuka petroli, nikasema moyoni, huyo mwanamume ni fundi wa magari.

Kumbe kweli mwanamume alikuwapo. Nilipaswa kupumua kwa nafuu. Badala yake niliona wivu mkali kuliko ule wa kwanza. Mke wangu alikuwa amemrudisha mdogo wake mlimani, na mtu pekee waliyemficha alikuwa mimi.

Na kwa nini waninase leo? Nani aliyemwambia mzee kwamba nitapiga simu? Nikakumbuka Rumyana akinihimiza nivae koti zito. Kutazama mizinga ya nyuki hakuhitaji koti zito.

"Lyuben yuko wapi?" nikauliza.

Mlango wa nyumba ukafunguka.

Alishuka ngazi tatu kwa mguu wake wa bandia, bila kushika ukuta. Alikuwa amevaa suruali ya kuendeshea, yenye tope bichi hadi mapajani. Ndiye aliyeipasha moto injini, si kwa kunihadaa, ila alikuwa ametoka kuiendesha muda mfupi kabla sijafika. Sijamwona hivi tangu awe na miaka thelathini na mitano. Aliyekuwa mbele yangu hakuwa yule wa blanketi.

"Imekwendaje, shemeji?" akauliza. "Klachi ni kali kidogo, eh?"

Nikasema ni pikipiki nzuri. Nikamuuliza kwa nini anaiuza.

"Haiuzwi," akasema. "Haijawahi kuuzwa. Tangazo lilikuwa la mtu mmoja tu. Rumyana alisema kila jioni unatazama pikipiki kwenye simu ukidhani amelala. Nikamwambia tumwekee moja ya bei nzuri."

"Ungeniita tu."

"Ningekuita ungekuja na maua na gazeti la michezo. Nilitaka uje mwenyewe."

Akakaa kwenye kigoda nilichokuwa nimekalia mimi. Mzee Manol akasogea pembeni lakini hakuondoka. Lyuben akasema kwamba majira ya kuchipua, kwa mara ya kwanza, alipanda hadi Ngazi ya Mbuzi. Alisimamisha pikipiki kwenye kona ile akazima injini. Akakaa saa mbili.

Kisha akasema, bila kupandisha sauti:

"Nimekumbuka, shemeji."

Wasomaji wangu, mmenifuata katika mikosi mingi, na baadhi yenu mmeniandikia kunipa pole. Zishikeni pole zenu kidogo, msikie hili kwanza.

Lyuben alizimia siku kumi na moja. Alipoamka hakujua hata jinsi tulivyoondoka nyumbani asubuhi ile. Mimi ndiye niliyemweleza ajali yake mwenyewe. Niliwaeleza polisi, nikamweleza Rumyana, kisha nikamweleza yeye: kwamba mimi nilikuwa mbele, nikasikia kishindo nyuma, na bila shaka alijaribu kunipita pembezoni akateleza. Alikuwa amelazwa, mirija puani, akanishika mkono. Akasema, nisamehe shemeji, nimekuharibia siku.

Na mimi nikamsamehe.

Nimeishi na msamaha huo miaka tisa. Kiapo cha kutoshika usukani, watu walikisifu. Walisema Ognyan ana utu, ameacha alichokipenda kwa ajili ya shemeji yake. Ukweli ni kwamba kila nikishika usukani ningeiona ile kona.

Sasa yeye yuko mbele yangu na anasema amekumbuka.

"Sitaki kukusemea," akaendelea Lyuben. "Sema wewe. Tangu kwenye kisima cha maji, pale njia ya Ngazi ya Mbuzi inapoanzia."

Niliwaza kudanganya. Nisiwafiche, niliwaza, na uongo ulikuja wenyewe mdomoni, umepangwa vizuri kwa sababu ulikuwa wa miaka mingi. Lakini ile breki isiyokuwapo ilikuwa imenimaliza, na sikuwa na nguvu ya kuubeba tena.

Nikasema.

Nikasema yeye ndiye aliyekuwa mbele. Tangu kisimani alikuwa mbele, na aliendesha vizuri kuliko mimi, mimi niliyemfundisha kushika klachi. Sikuvumilia. Kwenye kona, mahali pa kupita mtu mmoja, nilijipenyeza kati yake na mlima, upande wa ndani wa kona. Gurudumu langu la nyuma liligonga la kwake la mbele. Nilimsikia akiita jina langu. Nilisimama hatua hamsini mbele, na kabla sijarudi kumtazama, nilikuwa nimeshaanza kufikiri nitasema nini.

Uso wa Lyuben ulikuwa umekuwa mweupe, nami nikashangaa, maana anayekumbuka hapaswi kushtuka.

"Hukukumbuka," nikasema.

Akatikisa kichwa. "Sikumbuki kitu hata leo. Nilikaa pale saa mbili nikaona tu kwamba mahali pale hapapitiki kwa upande wa nje, wa korongoni. Hata mjinga asingejaribu. Nikaanza kujiuliza, je, mimi nilikuwa mjinga kiasi hicho?" Akafuta mdomo kwa mgongo wa mkono. "Nilitumaini utanitukana uniambie ndiyo."

Nyuma yangu kitu kilianguka juu ya mawe ya ua. Nikageuka.

Rumyana alikuwa amesimama penye mlango wa banda la kondoo. Gari alikuwa ameliacha nyuma ya kanisa nisilione. Miguuni pake, kwenye vumbi, kulikuwa na sufuria ya chakula cha mchana. Sikuwa na haja ya kumuuliza amesikia tangu wapi.

Hakunitazama mimi. Alikwenda kwa mdogo wake akapiga magoti mbele yake.

"Miaka tisa," akamwambia. "Miaka tisa nimekulaumu wewe. Nilikuogesha nikikulaumu. Kila Alhamisi nilikuleta hapa nikisema moyoni, huyu mtoto ndiye aliyejikata mguu mwenyewe na kumwibia mume wangu furaha yake."

Lyuben akamwekea mkono kichwani. Mama yao alikufa Lyuben akiwa na miaka mitano. Rumyana ndiye aliyemlea.

Kisha Rumyana akasimama akanigeukia, na sauti yake ilikuwa tulivu kuliko nilivyoweza kustahimili. "Nani mwingine anajua?"

Nikamwambia hakuna. Na huo nao ulikuwa ukweli wangu mtupu. Tulikuwa wawili tu mlimani, na mmoja wetu hakukumbuka.

"Siyo kweli," akasema mzee Manol.

Tukamtazama. Alikuwa ameegemea ukuta, kofia mkononi.

"Siku ile zamu ya msitu ilikuwa yangu," akasema. "Nilifika kwenye kona kabla ya polisi, ninyi wawili mkiwa mmeshapelekwa hospitalini. Kulikuwa na tope. Alama za tairi zilionyesha nani alitoka wapi, hata kipofu angezisoma kwa vidole. Nikachukua ufagio wa matawi nikazifuta."

Lyuben alikuwa ameinuka. Miaka minne mzee huyu alikuwa akimpikia kahawa na kumwokota kwenye matope.

"Kwa nini?" akauliza.

"Kwa sababu niliombwa," akasema mzee. "Na aliyeniomba yuko hai, na mnamjua."

Wote wawili wakanigeukia mimi, dada na mdogo wake, kwa macho yaleyale.

Nikafungua kinywa. Nilitaka kuapa kwamba kabla ya asubuhi ile sikuwahi kumwona mzee Manol, wala kusikia jina lake, wala kumwomba mtu yeyote afute alama yoyote. Ilikuwa kweli tupu, na ni kweli hadi leo ninapoandika.

Lakini nilimwona Rumyana akitazama midomo yangu, akingoja kuona nitasema uongo gani.